Jina Langu Mgongoni mwa Chupa

Mlioniacha wiki jana nimesimama na gundi mkononi, mjue kwamba bado nimesimama. Miguu imevimba, ila nimesimama.

Kwa aliyekosa gazeti: naishi kwa dada yangu tangu mama alipofariki na mimi nikaishia darasa la tano. Shemeji, mume wa dada, ana karakana ndogo nyuma ya nyumba. Tunajaza mafuta ya kunukia kwenye vichupa vya rangi ya kahawia: mkaratusi, mchaichai, mnanaa, karafuu. Watu wananunua wananusa, wanafukiza chumbani, wanachua migongo. Kazi yangu ni kubandika lebo.

Lebo zetu zilisema mafuta hayo yanatibu pumu, presha na kukosa usingizi. Katika sehemu ya wiki jana alikuja mama mmoja wa ofisi ya ukaguzi, mpole, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Akasoma chupa moja, akafunga stoo yetu kwa utepe.

Akasema mafuta ya kunukia si dawa, na asiyeuza dawa asiandike kwamba anatibu. Akasema lebo itaje ni mafuta gani, yanatumikaje, yana hatari gani. Na iwe na jina la mtu wa kumuuliza.

"Mtu," alisema. "Siyo picha ya jani. Mtu anayepokea simu."

Hapo ndipo nilipowaachia. Na hapo ndipo balaa lilipopata jina. Langu.

Shemeji alirudi kutoka kwa mpiga chapa amekumbatia furushi la lebo mpya kama mtu aliyetoka kuchukua mtoto hospitali. Akalitua mezani katikati ya chupa.

"Someni," alisema.

Mama Mapacha, anayejaza mafuta kwa faneli, hakuinua hata kichwa. "Miwani yangu ilivunjika kwenye ndoa ya kwanza. Soma wewe, Kimya."

Kimya ndiye mimi. Hilo jina nimelizoea kuliko nililopewa na baba.

Nikasoma kwa kidole. Mbele kulikuwa na picha ya jani na neno "Mkaratusi". Nyuma kulikuwa na tarehe ya kuisha, halafu neno "Mhusika", halafu jina langu. Lote. Langu, la baba na la babu. Chini yake namba ya simu nisiyoijua.

"Shemeji, hili jina langu."

"Zuri, eh? Nimeomba herufi nene."

"Kwa nini mimi?"

"Langu limechoka," alisema, akaketi juu ya dumu. "Unakumbuka yale mafuta ya nywele."

Nayakumbuka. Yaliwanyonyoa watu vichwa mtaa mzima. Mpaka leo kuna mama mmoja anavaa kilemba jua likiwaka, na akimwona shemeji anavuka barabara.

"Pale ofisini wakiliona jina langu wanainuka kwenye viti," aliendelea. "La dada yako haliwezekani, ni mwalimu, mwajiri wake hataki mambo ya biashara. La Mama Mapacha..."

"La kwangu usiliguse," Mama Mapacha alisema. "Kuna wanaume wawili wananitafuta, na mmoja aliambiwa nilishakufa. Usinifufue kwa mnanaa."

Shemeji akanigeukia. "Mhusika ni neno tu, shemeji yangu. Ukipigiwa unasema: fuata maelekezo. Basi, umemaliza kazi."

"Maelekezo yako wapi?"

Akachomoa boksi dogo mfukoni, akalikunjua. Na kweli, boksi lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko kitabu. Usinywe. Weka mbali na watoto. Usipake bila kuchanganya na mafuta mengine. Mjamzito amuulize kwanza daktari. Mtu akimeza, usimtapishe, mpeleke hospitali pamoja na chupa.

"Chupa ni ndogo kama kidole gumba," shemeji alisema. "Haibebi vyote. Jina kwenye chupa, onyo kwenye boksi."

"Na chupa ikitoka kwenye boksi?"

"Chupa na boksi ni mume na mke. Vinatembea pamoja."

Mama Mapacha alikohoa. "Nionyeshe huyo mume anayetembea na mke wake, nikamwombe picha."

Shemeji akacheka. Mimi nikachukua gundi.

Ningesema nini? Nalala kwenye nyumba yake. Nakula kwenye sahani yake. Mtu wa namna hiyo hasemi "sitaki jina langu", anauliza tu libandikwe upande gani.

Mkaguzi akaja tena. Akasoma chupa, akasoma boksi, akasoma chupa mara ya pili.

"Huyu mhusika ndiye nani?"

Shemeji akaniita kwa ishara. Nilitoka nyuma ya meza na gundi kwenye vidole, nikasalimia kwa sauti ya chini.

"Binti, unaelewa maana ya mhusika?"

"Naelewa."

"Hebu niambie."

Nikaangalia gundi kwenye vidole. Shemeji akanisaidia. "Shemeji yangu ana aibu, mama. Ila kazi anaijua."

Mkaguzi hakumwangalia. Aliongea na mimi, taratibu, kama watu wazima wanavyomwelekeza mgeni njia.

"Kwa chupa ndogo kama hizi, onyo likae kwenye boksi, nakubali. Lakini chupa isiuzwe bila boksi. Ikiuzwa bila boksi na mtu akaumia, nitakuja kumuuliza mwenye jina hili. Sitakuja kumuuliza shemeji yako. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Akakata utepe. Stoo ikafunguliwa, shemeji akapiga makofi, na siku hiyo hiyo chupa zikaondoka kwenda sokoni na jina la ukoo wangu mgongoni.

Simu ilianza kulia kabla gundi haijanikauka vizuri.

Lazima niwaambie ukweli. Mimi simu naiogopa. Mtu nikimwona uso najua ataniuma au hataniuma. Kwenye simu sijui. Shemeji alinipa kisimu cha zamani cha kubonyeza, na kila kilipolia nilikitazama mara mbili kabla ya kukipokea.

Wa kwanza alikuwa mzee.

"Wewe ndiye wa kwenye chupa?"

"Ndiyo."

"Ongea kwa nguvu, masikio yangu yamestaafu."

"Ndiyo, babu."

"Haya ya mchaichai. Niweke matone mangapi kwenye chai?"

"Usiweke, babu."

"Hata moja?"

"Hata moja. Siyo ya kunywa."

"Sasa picha ya majani mmeiweka ya nini?"

Aliguna, akakata.

Akapiga mwanamke. "Mdogo wangu, haya ya karafuu yanamrudisha mume?"

"Hapana, dada."

"Yanamfukuza?"

"Hapana."

"Sasa yanafanya nini?"

"Yananukia."

"Yananukia tu?"

"Yananukia tu."

"Na wewe hujaolewa," alisema, kana kwamba ndilo jibu alilokuwa anatafuta, akakata.

Kulikuwa na mwanaume mwingine, huyo alipiga kila mchana kunijulia hali. Aliniita mkurugenzi. "Sauti yako ndogo leo, mkurugenzi. Wafanyakazi wanakusumbua?" Mkurugenzi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nabandua gundi kwenye kucha.

Wote hao nilijifunza kuwajibu. Fuata maelekezo, mama. Soma maelekezo, kaka. Nilianza hata kuzoea, nikasema labda shemeji anasema kweli, mhusika ni neno tu.

Kisha akapiga mama mmoja analia.

"Mgongo wangu unawaka. Unawaka moto."

"Umepaka nini, mama?"

"Ya kwenu. Ya karafuu. Niliambiwa inalainisha mgongo."

"Umeichanganya na mafuta mengine?"

"Nani aliniambia niichanganye?"

"Imeandikwa kwenye boksi, mama."

Nilisikia akipekua mfuko wa nailoni.

"Boksi gani?" aliuliza.

Nilimwambia ajifute kwa mafuta ya kupikia kwanza, halafu aoge kwa sabuni, ndivyo tunavyofanya wenyewe yakitumwagikia, na pasipopoa aende hospitali. Akanishukuru. Shukrani yake ilinikaa kifuani kama mwiba.

Nikajitanda, nikaenda sokoni kuona kwa macho yangu.

Mwenye kibanda kikubwa kinachouza mafuta yetu wanamwita Bi Harufu. Chupa zetu alikuwa amezipanga kwenye sinia, uchi, vifuniko vimelegezwa ili mpita njia anuse. Maboksi alikuwa ameyabana chini ya mguu mfupi wa meza. Mengine alikuwa ameyakalia.

"Bi mkubwa, hizi zinauzwa na boksi."

"Mtu atanusa boksi, mwanangu?"

"Boksi ndilo lenye onyo."

"Wateja wangu hawasomi onyo, wana pua." Akanikazia macho. "Wewe nani vile?"

Nilitaka kumwambia geuza chupa utaniona. Nikasema, "Ni wa karakana."

"Waambie karakana hayo maboksi yao yanameza nafasi. Nikiwa nayo mezani sioni mteja na mteja hanioni."

Kibanda cha pili kilikuwa vilevile. Cha tatu, maboksi walikuwa wanayawashia jiko.

Nilipanga maneno njia nzima. Nikafika nikamkuta shemeji anahesabu vifuniko, nikamwambia yote bila kupumua, maana ningepumua ningeacha.

"Chupa zinauzwa bila boksi, shemeji. Sokoni kote. Kuna mama ameungua mgongo. Tupunguze picha ya jani, onyo likae kwenye chupa."

Alisikiliza. Lazima nimpe haki yake, alisikiliza mpaka mwisho.

"Furushi zima hili nilitupe?" aliuliza. "Lebo zikiisha tutachapa nyingine."

"Mkaguzi alisema..."

"Mkaguzi amesharudi kwake. Wewe ukipigiwa, jibu. Si ndiyo kazi ya mhusika?"

Nikamfuata dada. Alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya wanafunzi, kalamu nyekundu sikioni. Nikamweleza.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Lebo zikiisha."

"Basi zikiisha," alisema dada, akafungua daftari jingine.

"Dada, mtu akinywa?"

"Nani anakunywa mafuta ya kunukia, jamani?"

"Kuna mzee alitaka kuweka kwenye chai."

Dada akacheka. Kisha kicheko kikamfia, akaweka kalamu chini, akajikanda macho. Tuna macho yanayofanana, mimi na yeye. Akichoka yeye, najiona mimi.

"Mdogo wangu, naomba uliache hili. Nikimgusa mume wangu kwa jambo la hiyo karakana, humu ndani hapakaliki. Nimechoka kupatanisha. Liache kwanza."

Nikaliacha. Kwa mdomo. Mikono haikuliacha.

Shemeji alipokwenda kufuata mafuta kwa muuzaji wa jumla, nilichukua mkasi. Nikakata onyo kutoka kwenye maboksi, kipande kimoja kimoja, chembamba kama ukucha. Usinywe. Weka mbali na watoto. Akimeza, usimtapishe.

Tatizo likawa mahali pa kukibandika. Mbele pana picha na jina la mafuta. Ukifunika hapo mtu hajui kama ananusa mnanaa au karafuu. Nyuma pana tarehe juu, na chini pana mimi. Kipande kilitosha mahali pamoja tu: juu ya jina langu.

Nikabandika.

Mama Mapacha alikuja kusimama nyuma yangu, anapangusa mikono.

"Mwanangu, hapo umejifunika."

"Ndiyo."

"Umejifunika kwa ajili ya watu au kwa ajili ya simu?"

"Kwa ajili ya watu."

"Mimi ningejifunika kwa ajili ya simu," alisema. "Wala nisingeona haya."

Nilimwambia ni kwa ajili ya watu. Nanyi nawaambia hivyo hivyo. Lakini kile kipande kilipolala juu ya jina langu, pumzi iliyokuwa imebanwa tangu siku ile ya furushi ikatoka yenyewe. Nikabandika chupa ya pili haraka kuliko ya kwanza. Mpaka leo mtu akiniuliza ni lipi lililonituma, siwezi kuapa.

Shemeji alirudi mapema. Alichukua chupa moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Jina liko wapi?"

"Chini ya onyo."

"Chini ya onyo." Aliirudia polepole. "Kwa hiyo umejifuta. Chupa haina mhusika. Unajua mkaguzi akiokota hii moja tu, anafunga stoo kwa kufuli lake?"

"Shemeji, watu hawajui kama haya hayanywewi."

"Watu," alisema. "Usiwaweke watu mbele. Wewe umechoka kupokea simu. Sema umechoka, nitakuelewa, hata mimi nimechoka. Lakini usije hapa na watu."

Kidogo alikuwa amenipata.

Akaagiza tubandue vyote. Tukaleta beseni la maji ya vuguvugu, mimi na Mama Mapacha, tukaanza kusugua. Karatasi ilikuwa inatoka vipande vipande, jina langu likichungulia chini yake herufi moja moja. Dada alirudi kutoka shuleni, akatuona, akapita kuelekea ndani bila kuuliza.

Simu ikalia.

Sikutaka kuipokea, mikono ilikuwa na maji. Ililia ikakatika, ikalia tena.

"Wewe ndiye uliyeandikwa kwenye chupa?" Sauti ya mwanamke, kijana kama mimi. "Mwanangu amekunywa. Ya mkaratusi. Nimegeuka kidogo tu kuanua nguo."

"Ana umri gani?"

"Ndiyo kwanza anatembea. Anakohoa. Macho yanamlegea. Nimemwekea kidole atapike, hatapiki."

"Toa kidole," nilisema. "Usimtapishe. Mbebe sasa hivi, nenda hospitali. Chupa uende nayo."

"Nimpe maziwa?"

"Usimpe kitu. Nenda."

"Mume wangu anasema nimpe maji ya sabuni..."

"Mwambie mumeo akupishe mlangoni," nilisema. "Nenda, dada. Usikate simu, nenda."

Mama Mapacha alikuwa ameacha kitambaa kizame kwenye beseni. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyesikia ukuta ukiongea. Hata mimi sauti ile sikuijua ilitoka kwa nani.

Nilisikia viatu vikikimbia, mlango, barabara, mtoto akilia kidogo, halafu halii. Yule mama alikuwa anarudia majina yangu yote matatu, anayasoma kwenye chupa huku anakimbia, kama ananiita nitoke humo ndani nimsaidie. Kisha salio lake likaisha.

Nilipiga mimi. Haikupokelewa. Nikapiga tena mpaka Mama Mapacha akaninyang'anya simu kwa upole.

"Umefanya lako," alisema.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Akaingia, akachukua kitambaa, akaanza kubandua pamoja nasi. Alibandua kwa haraka kuliko sisi.

Asubuhi iliyofuata mkaguzi alikuja bila kubisha hodi ndefu. Miwani ilikuwa machoni safari hii. Akaweka mezani mfuko wa nailoni, ndani yake chupa ya mkaratusi, nusu.

Sikuuliza kwa sauti. Aliona midomo yangu.

"Mtoto yuko wodini," alisema. "Usiku alishikwa na degedege. Sasa amelala, wanamwangalia. Daktari anasema kama angetapishwa, mafuta yangeingia kwenye mapafu, tungekuwa tunaongea mengine. Mama yake anasema ni wewe uliyemzuia."

Nikashika meza.

"Hiyo ndiyo sehemu nzuri ya habari," aliongeza. "Sasa niambie kwa nini chupa hii haikuwa na boksi."

Shemeji akawahi kiti, akampangusia. "Mama, hata sisi tumeshtuka. Ni wauzaji wa sokoni, wanafanya mambo yao. Sisi hapa kila chupa inatoka na boksi lake."

"Nimemuuliza mhusika."

"Huyo naye," alisema shemeji, akashusha sauti kwa huzuni, huzuni ya kweli kabisa, "jana tumemkuta anaficha jina lake. Sipendi kulisema, ni ndugu yetu."

Akatoa chupa ambayo haikubanduliwa. Moja. Alikuwa ameiweka pembeni.

Mkaguzi alikiinua kile kipande kwa ukucha, akasoma onyo, akasoma jina chini yake.

"Umekata kwenye boksi."

"Ndiyo, mama."

"Ukabandika kwa mkono wako."

"Ndiyo."

"Basi ulijua zinauzwa bila boksi."

Ndugu zangu, nilidhani kipande kile kitanitetea. Kumbe ndicho kilichonikamata. Asiyejua hakati onyo. Anayejua ndiye anayekata.

"Nilijua," nilisema.

"Ulimwambia nani?"

Shemeji akatabasamu kwa uchovu. "Mama, huyu hasemi. Tunamwita Kimya. Angeniambia mimi ningezuia mzigo siku hiyo hiyo."

Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa kuingilia ndani, amevaa nguo za kazini, mkoba wa madaftari begani. Mkaguzi akamwona.

"Wewe mwalimu, unaishi naye. Alikuambia?"

Dada alimtazama mumewe. Hakunitazama mimi.

"Hapana," alisema.

Neno dogo. Sikuwahi kujua dada yangu ana neno dogo namna hiyo.

Mkaguzi akaandika, akafunga kalamu. "Binti, vaa viatu. Twende ofisini ukaandikishe maelezo. Mama wa mtoto ana haki ya kujua nani alijua nini."

Nikainama kutafuta viatu chini ya meza. Mkanda ulikuwa mgumu, vidole vilikuwa na gundi. Nikashindwa kuufunga. Nikajaribu tena. 

"Subiri," dada alisema.

Nikainua kichwa.

"Aliniambia. Mimi ndiye niliyemwambia aliache."

Mkaguzi alivua miwani. "Mwalimu, dakika hii umetoka kusema hapana."

"Nilisema uongo. Sasa nasema kweli. Niandike mimi."

"Unajua mwajiri wako atapata nakala ya maelezo."

"Najua."

"Na mumeo? Alijua?"

Shemeji hakusogea. Alikuwa anaangalia mikono yake, kama ndiyo kwanza anapewa.

"Mume wangu hakujua," dada alisema.

Akaja upande wangu kama anayenisaidia kiatu. Akapiga goti, akaufunga ule mkanda vizuri, kama alivyokuwa akinifunga zamani kabla ya shule. Alinukia chaki na mnanaa. Akaninong'oneza sikioni.

"Kunyamaza unakujua, mdogo wangu. Nyamaza sasa."

Akasimama, akaweka mkoba wa madaftari juu ya meza, tayari kuondoka.

Mkaguzi alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka. Hakumtazama dada, hakumtazama shemeji.

"Wewe ndiye mwenye jina kwenye chupa," aliniambia. "Kwa hiyo nakuuliza wewe. Shemeji yako hakujua?"

Shemeji akainua macho. Dada akafumba ya kwake.

Nilikuwa nimechoka, ndugu zangu. Nilikuwa nimechoka hata kuogopa.

"Mama," nilimwambia mkaguzi, "njoo ukae kwanza. Nitaanzia kwenye furushi la lebo."